Ugonjwa Ukifunga Kivuko: Haki Zako Njiani

Kisiwa chetu kina milango michache: feri ya Likoni, daraja la Nyali, na barabara za Makupa na Kipevu. Ndiyo maana maradhi ya kuambukiza yakitangazwa, mtu wa Mombasa hufungiwa njia kwa urahisi kuliko mtu wa bara. Tuliyaona mwaka 2020, wakati wa korona. Kafyu ilianza Machi 27. Aprili 8 kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa. Mei 6 ikaja zamu ya Mji wa Kale, siku moja na Eastleigh kule Nairobi: kuingia marufuku, kutoka marufuku, kwa siku 15, kisha muda ukaongezwa hadi Juni 6. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Idd ilipita vizuizi vikiwa bado barabarani.

Je, serikali ina haki ya kufanya hivyo? Ndiyo, inayo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1921, inampa Waziri wa Afya uwezo wa kutunga kanuni za kuzuia watu kutoka eneo lenye maambukizi, na za kukagua abiria na vyombo vya usafiri. Kifungu cha 39 cha Katiba kinakupa uhuru wa kutembea, lakini Kifungu cha 24 kinaruhusu uhuru huo upunguzwe. Shika masharti yake: upunguzwe kwa sheria, na kwa kadiri inayofaa tu.

Kwa hivyo amri ya kufunga njia lazima iwe na maandishi, na maandishi hayo yachapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya hapo kanuni za Waziri sharti zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, na zisipofikishwa zinakufa. Hivi ndivyo ilivyo tangu sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni za aina hiyo. Ukisimamishwa Makupa ukaambiwa "kumefungwa", uliza kwa adabu: kwa amri gani, inaisha lini, na akina nani wameruhusiwa kupita? Mwenye mgonjwa mahututi garini au mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa asikubali kurudishwa kimya kimya. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na mimi sioni vipi haki hiyo itamfaa mtu ambaye amezuiwa kufika hospitali.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hadi leo. Siku ile ya kwanza ya kafyu, pale Likoni, watu walikuwa kwenye foleni ya feri wakikimbilia kufika nyumbani kabla ya saa moja jioni. Polisi waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga, kafyu yenyewe ikiwa haijaanza. Abiria waliokuwa wameambiwa wasikaribiane wakarundikana wakikohoa na kufuta macho. Chama cha Mawakili wa Kenya kilikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 16, 2020 Jaji Weldon Korir akatoa uamuzi ambao kila mvukaji angepaswa kuujua: kafyu ni halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zilivunja Katiba. Mambo hayo mawili yasichanganywe. Ukikosea saa, unaweza kukamatwa na kushtakiwa. Kupigwa si adhabu ya kosa hilo wala jingine lolote, na Kifungu cha 25 kinasema ulinzi dhidi ya mateso haupunguzwi hata kidogo, hata katika janga.

Karantini nayo ina mipaka. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walitiwa katika jela ya Kapsabet kwa jina la Sheria hii hii ya Afya ya Umma. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kufungia wagonjwa jela kulikiuka Katiba. Wa kutengwa atengwe penye matibabu.

Msafiri wa kimataifa ana kinga zaidi, na hapa nawaambia hasa mabaharia wa majahazi ya Bandari ya Kale na jamaa wanaorudi kutoka Ghuba. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo Kenya imefungwa nazo, zinakataza kumtoza msafiri gharama ya karantini aliyolazimishwa, isipokuwa anayekuja kutafuta ukaazi. Zinataka pia apewe chakula na maji ya kutosha, aweze kuwasiliana na watu wake, na dini na mila zake zizingatiwe. Ukiletewa bili, uliza imetoka sheria gani, na uiweke.

Lakini haki hizi hazikuondolei wajibu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Afya ya Umma kinamtia hatiani mwenye ugonjwa wa kuambukiza anayepanda chombo cha umma kwa kusudi bila tahadhari wala kumjulisha dereva au kondakta. Kifungu cha 29 kinamgeukia mwenye gari: akijua amebeba mgonjwa wa aina hiyo, sharti gari lisafishwe kwa dawa kabla ya abiria wengine kupanda. Wenye matatu na tuktuk, hilo ni lenu.

Ukikamatwa, una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zimeisha korti imefungwa. Ukiumizwa, nenda hospitali kwanza. Kisha ripoti kituoni, chukua namba ya OB, yaani ya daftari la matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Andika tarehe, saa, mahali, namba ya gari la polisi, na majina ya walioona. Ukiogopa kituo chenyewe, peleka malalamiko moja kwa moja kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, yenye ofisi hapa Mombasa. Na Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu wewe, au mtu mwingine kwa niaba yako, kufungua kesi ya haki za msingi bila kulipa ada ya kuifungua.