Kujiona kwa Wenye Mamlaka na Dalili Zake

Somo letu la mara hii ni la maradhi ambayo maulamaa waliyaita ujub na kibri. Imam Ghazali aliyatengea kitabu kizima ndani ya Ihya yake. Matabibu wa nafsi wa zama hizi wameyapa jina litokanalo na hadithi ya Wayunani, ya kijana Narcissus aliyeishikwa na sura yake mwenyewe majini. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliyatia katika orodha yao ya maradhi. Wao huhisabu dalili tisa, na mtu hahukumiwi mpaka zionekane tano. Sisi si matabibu, wala si haki kumpa mtu jina la ugonjwa kwa kumtazama jukwaani. Lakini awekaye amana yake mkononi mwa mtu yampasa amtazame kabla hajaiweka. Na sisi watu wa Kwale, tangu Diani hata Msambweni na Vanga, amana zetu si chache: ardhi, karo za watoto, mali za wakfu, na tangu 2013 serikali ya kaunti.

Kiongozi mkali si lazima awe na maradhi haya, wala mwenye sauti ya upole si lazima awe ameokoka nayo. Alama kubwa twaiona pale mtu anapokosolewa. Mwaka wa tano wa Hijra, Madina ilipojiwa na majeshi, Mtume (S.A.W.) aliufuata ushauri wa Salman Mfarisi, mgeni aliyekuwa mtumwa, likachimbwa handaki, naye mwenyewe akachimba pamoja na watu. Wazee wa Kidigo nao katika ngambi yao waliamua mambo kwa kushauriana.

Sasa tutazame jirani yetu Uganda. Idi Amin alipotwaa utawala tarehe 25 Januari 1971, watu walijaa njiani Kampala kumshangilia. Tulikumbuke hilo, kwani mwenye maradhi haya mwanzoni huwa mcheshi, mwepesi wa ahadi, na kila mtu hujiona kuwa ndiye rafiki yake. Baadaye yakaja majina: Rais wa Maisha, Fildi Mashali, Alhaji, Daktari, Mshindi wa Dola ya Kiingereza. (Atakaye kuyasoma yote na avute pumzi kwanza.) Majina peke yake yangekuwa mzaha tu. Lakini Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na askari mahakamani, asionekane tena. Februari 1977 maaskofu waliandika barua ya kulalamikia mauaji. Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, ikatangazwa kuwa ni ajali ya gari. Mwaka huo huo waziri wake wa afya, Henry Kyemba, akakimbia nchi. Waliobaki karibu yake ni wale waliojua kuitikia. Oktoba 1978 akaivamia Kagera, na Aprili 1979 Kampala ikatekwa.

Hapana mwenyekiti wa kamati ya kijiji afanyaye kama hayo, kwani hana jeshi. Lakini tabia twaijua. Mkutano umeitwa kwa ajili ya kisima, na saa nzima yapita akijisifu. Mtunza hazina auliza fedha zilikokwenda, ajibiwa kwa khabari za maadui na wivu wa watu. Jambo likifaulu ni lake. Likiharibika, karani ndiye mwenye kosa. Tazameni khasa ni wangapi waliofanya kazi naye wakaondoka mmoja mmoja kimya kimya. Hao waulizeni, watasema mengi kuliko hotuba zake.

Wala lawama si yake peke yake. Twampisha mbele, twamsifu usoni kwa yale tusiyoyaamini, kisha twamsengenya barazani. Sifa hizo kwake ni chakula, na sisi ndio wapishi.

Tusingoje tabia yake ibadilike, tuweke mipaka. Katiba ya 2010 haimruhusu gavana kupita vipindi viwili. Je, kamati ya msikiti wako imeandika kikomo gani? Hesabu husomwa mbele ya watu mara ngapi, na ni nani mwenye sahihi ya pili benki? Yaulizwe hayo katika mkutano ujao, kwa adabu, na mwenye kuuliza asiachwe asimame peke yake.