Ndani ya nyumba ya Lamu, kwa kina cha sentimita 22 na nusu

Kabla hujakata kadibodi, jibu swali moja: mwanga wa chumba hiki unaingilia wapi? Wengi wanaojenga vyumba vidogo vya maonyesho huanza na kuta, wakaja na fanicha, kisha mwisho kabisa wakatafuta tundu la kupitishia waya wa taa. Matokeo yake ni balbu moja inayoning'inia katikati ya dari, kila pembe imemulikwa sawasawa, vivuli havina mwelekeo, na jicho linatambua papo hapo kwamba linatazama sanduku. Chumba kidogo huaminika kwa mwanga wake kabla hakijaaminika kwa vyombo vyake. Ndiyo maana katika kazi hii taa hupangwa kwanza, na kuta hujengwa kuifuata taa.

Nimechagua chumba ambacho wajenzi wake walikijenga kwa kuufuata mwanga: ndani, chumba cha faragha katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18. Nyumba hizo zimepangwa kwa kumbi ndefu, nyembamba, zinazofuatana. Ukitoka dakani, barazani pa mlangoni, unaingia kiwanda, ua ulio wazi juu. Baada ya kiwanda kuna msana wa chini, kisha msana wa juu, halafu ndani. Mwanga wote huanzia kiwandani, na kila ukumbi unaoupita unaupunguza. Unapofika ndani umebaki mwanga mpole wa upande mmoja, na ukuta unaokabiliana nao umejaa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa nyeupe vilivyowekwa vyombo vya kaure. Chokaa ile huupokea mwanga mdogo uliobaki na kuurudisha chumbani. Fundi anayetaka kujifunza namna mwanga unavyojenga kina cha chumba hatapata mwalimu bora. Ukiweza kufika Lamu, tembelea nyumba ya Kiswahili iliyotengenezwa upya kuwa makumbusho, simama mlangoni pa ndani asubuhi, kisha urudi jioni.

Tumia kipimo cha 1 kwa 12, kilichozoeleka zaidi duniani kwa kazi hii. Kila sentimita 12 za nyumba halisi zinakuwa sentimita 1. Upana wa kumbi za Lamu uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari ya mawe na chokaa, ambazo hazikuvuka sana mita 2.8. Chukua mita 2.7, nayo inakuwa sentimita 22 na nusu: hicho ndicho kina cha sanduku lako, kutoka upande wa mtazamaji hadi ukuta wa zidaka. Urefu wa chumba kutoka kushoto kwenda kulia weka sentimita 40, na kwenda juu 28. Kuta zifanye nene, sentimita 4, kwa kuwa kuta za matumbawe zilikaribia nusu mita. Unene huo ni zawadi kubwa kwako. Ukuta wenye uwazi ndani yake unameza nyaya zote, na hutahitaji kuchimba mfereji wala kuficha waya nyuma ya kasha.

Sasa mwanga mkuu. Usiuache upande wa mbele wa sanduku wazi wote. Kushoto jenga kipande cha ukuta chenye upana wa sentimita 6, na juu yake kizingiti cha sentimita 3 kinachovuka hadi kulia. Mtazamaji atachungulia kana kwamba yuko msana wa juu. Nyuma ya kile kipande cha kushoto bandika ukanda wa taa za LED za volti 5, uliosimama wima na kuelekea ndani, wa aina inayouzwa na plagi ya USB. Hii ndiyo taa inayofanya kazi yote, na hakuna atakayeiona. Mbele yake, kwa umbali wa sentimita 2, tega karatasi ya kuokea keki ili nukta za taa ziyeyuke ziwe mwanga mmoja. Nyuma ya kizingiti cha juu unaweza kuongeza taa mbili tatu hafifu za kusaidia, zisizidi hapo. Usithubutu kuweka ukanda wa pili upande wa kulia. Mwanga wa pande mbili unaua vivuli, na vishubaka vya zidaka bila vivuli ni mistari tu ukutani.

Kanuni hii ya kuficha chanzo ina historia ndefu. Narcissa Niblack Thorne, ambaye vyumba vyake vidogo 68 vimehifadhiwa katika Art Institute of Chicago, aliwafanya mafundi wake waweke madirisha, bustani na vyumba vya pembeni nje ya kila chumba, ili mwanga uonekane unatoka mahali fulani, wa asubuhi au wa alasiri. Havikai akilini kwa sababu ya udogo wa viti vyake tu. Unaviona na unajua ni saa ngapi humo ndani.

Kwa ukuta wa zidaka, plaiwudi ya milimita 3 iwe mgongo, na kadibodi ngumu iwe uso. Usijaribu kuchonga vishubaka kwenye kipande kimoja kinene. Chora gridi kwenye kadi ya milimita 2, kata vitundu vyote kwa kisu cha wembe, kisha toa nakala ya kadi hiyo mara saba au nane na uzigandishe moja juu ya nyingine hadi upate kina cha sentimita moja na nusu. Kishubaka cha sentimita 30 katika nyumba halisi kinakuwa sentimita 2 na nusu, na ni busara safu za juu ziwe ndogo kidogo kuliko za chini, maana jicho husoma tofauti hiyo kuwa ni umbali. Juu ya kila kishubaka lainisha pembe zifuate tao. Hii ni kazi ya kuumiza vidole, na haina njia ya mkato. Badilisha wembe mapema, kabla haujaanza kuchana kadi badala ya kuikata.

Kadibodi ikipata maji upande mmoja hupinda. Kwa hiyo kabla ya lipu paka pande zote mbili gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, uache ikauke kabisa. Lipu yenyewe ni unga wa skimu wanaotumia mafundi wa nyumba, koroga uwe mzito kama maziwa mgando, paka tabaka nyembamba kwa brashi, msasa mwepesi, kisha tabaka nyingine. Usiunyooshe ukuta kupita kiasi. Chokaa ya mkono ina mawimbi madogo, na mwanga unaotoka ubavuni utayaonyesha. Kona za ndani ziviringe kidogo kwa ncha ya kidole chenye maji. Rangi isiwe nyeupe tupu. Tia tone la njano na tone dogo zaidi la kahawia, vinginevyo taa za LED zitaufanya ukuta uwe wa samawati ya hospitali.

Nje ya sanduku lote, kabla ya kupamba, paka rangi nyeusi au bandika karatasi ya foili. Kadibodi hupitisha mwanga kuliko unavyodhani, na ukuta unaong'aa kwa nyuma, au mstari wa mwanga unaochungulia kwenye kiungo cha dari, unavunja kazi yote. Zima taa za nyumbani, washa za sanduku, na uzibe kila ufa kwa tepu nyeusi.

Boriti za dari zinakwenda kutoka mbele kuelekea ukuta wa zidaka, si kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa boriti huvuka upande mfupi. Boriti halisi ina unene wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo yako iwe ya sentimita 1. Vijiti vya mishikaki ni vyembamba mno. Vinafaa kuwa fito tu. Tafuta matawi membamba yaliyonyooka, uyakaushe kivulini, uyapange kila baada ya sentimita 3. Dari ifanye kifuniko kinachonyanyuka. Usiigandishe kamwe, maana siku moja taa itazimika na utahitaji kuifikia.

Taa inayoonekana ni moja tu: kandili. Kandili halisi ina kimo cha sentimita 30 hivi, yako itakuwa na sentimita 2 na nusu. Chukua taa ya LED ya milimita 3 yenye mwanga wa joto, kati ya kelvini 2,200 na 2,700, na ukanda wa mchana uwe wa kelvini 4,000. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo inayomfanya mtazamaji aone magharibi imeingia. Taa ndogo ya LED ina lenzi inayotupa mwanga mbele kama tochi, kwa hiyo sugua kichwa chake kwa msasa laini hadi kiwe na ukungu, mwanga utatawanyika pande zote. Ikiwa bado ni nyeupe mno, paka rangi ya kucha ya chungwa iliyo angavu. Kwa mwali unaochezacheza, fungua mshumaa wa betri wa bei rahisi: taa iliyomo ndani yake mara nyingi ina kidude cha kuuchezesha mwanga ndani ya taa yenyewe, unaihamisha kama ilivyo. Bomba la kioo ni ushanga mkubwa usio na rangi, na kitako ni kipande cha bati. Waya wa kuitundika tafuta kwa mafundi wanaosuka mota. Ule mwembamba wa shaba wenye vanishi unapita kati ya boriti mbili bila kuonekana. Kumbuka kuikwangua vanishi kwenye ncha kabla ya kuunga kwa lehemu, la sivyo umeme hautapita.

Chanzo cha umeme kiwe chaja ya simu ya volti 5. Usiingize umeme wa ukutani ndani ya sanduku la kadi na mbao kwa sababu yoyote ile. Benki ya umeme ya simu inaonekana rahisi, lakini nyingi hujizima zenyewe zinapoona matumizi ni madogo sana. Ukanda wa USB tayari una resista zake. Kandili unaijengea mwenyewe: taa nyeupe ya LED inakula kama volti 3, zinabaki 2 za kuzuiwa. Gawanya volti 2 kwa mkondo unaoutaka. Kwa miliampea 20 utahitaji resista ya omu 100, lakini huo ni mwanga wa duka. Weka omu 1,000, upate miliampea 2, na utaona inatosha kandili ya sentimita 2 na nusu. Mguu mrefu wa taa huenda chanya. Ukiwa na taa zaidi ya moja, ziunge kwa usambamba, kila moja na resista yake, ili moja ikifa nyingine zisizimike. Weka swichi mbili, ya mchana na ya kandili, na uandike jina kwenye kila waya kwa kipande cha tepu kabla hujausahau.

Kisha acha vyote viwake jioni nzima kabla ya kugandisha chochote. Gusa resista, gusa ukanda. Taa za LED hazichomi kama balbu za zamani, zilizowahi kuharibu kazi nyingi nzuri. Vyumba vidogo vya uchunguzi wa vifo alivyovijenga Frances Glessner Lee miaka ya 1940 ilibidi vibadilishiwe taa na kuwekewa LED kabla ya maonyesho ya 2017 katika Renwick Gallery, Washington, kwa kuwa joto la balbu lilikuwa linadhuru vitu vilivyomo. Hata hivyo ukanda uliofungiwa bila hewa hupata joto, kwa hiyo toboa matundu machache nyuma ya kizingiti.

Utashawishika kutia taa ndogo ndani ya kila kishubaka cha zidaka. Jizuie. Zidaka hazikuwashwa zenyewe, zilipokea mwanga wa wengine, na ukizimulika moja moja unapata kabati la maonyesho dukani. Piga picha kwa simu badala yake. Kamera haina huruma: itakuonyesha doa linalowaka kupita kiasi, na kona iliyozama gizani. Kona iliyozama iache. Chumba hiki kilistahi giza lake, na mtazamaji akilazimika kusogea ili aone, umefaulu.

Vyombo havihitaji maneno mengi. Vifungo vya shati visivyo na matundu vinakuwa sahani za kaure, paka mistari ya buluu kwa ncha ya sindano. Kasha lijenge kwa vijiti vya aiskrimu na ulipigie vichwa vya pini za shaba. Kitanda cha samadari kiweke kulia, mbali na mwanga, na mkeka uutandike pale mwanga wa kushoto unapoangukia sakafuni. Vipande vitano vilivyokaa mahali pake vinatosha. Ishirini vitaficha ukuta uliokutoa jasho.

Mwisho funga mbele kwa kioo cha fremu ya picha, maana vumbi kwenye vitu vya ukubwa huu halipanguswi. Kiinamishe kwa juu kidogo kuelekea kwa mtazamaji, nyuzi tano hivi, ili taa za sebuleni zisijionyeshe juu yake. Na sanduku liweke rafuni kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi, si mezani, kwa sababu anayetazama kutoka juu huona sakafu kwanza na kizingiti humzibia ukuta wa zidaka.