Hamu ya Nyumbani na Sonona: Mwanafunzi Aliye Mbali Wakati wa Sikukuu

Mwaka 1688, mjini Basel nchini Uswisi, kijana wa miaka 19 aliyeitwa Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu ya udaktari kuhusu maradhi ambayo tiba ya wakati wake haikuwa imeyapa jina. Aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kurejea nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu, akapata nostalgia. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza humo alikuwa mwanafunzi: kijana wa Bern aliyekuwa akisoma Basel, umbali usiofika hata ule wa kutoka Sumbawanga hadi Tunduma. Alidhoofika kwa homa na fadhaa ya moyo hata watu wakamwombea kama mtu anayekata roho. Alipoambiwa kuwa atarudishwa kwao alianza kuvuta pumzi kwa wepesi. Safari ilipoanza nafuu ikaongezeka, na kabla ya kufika Bern alikuwa mzima.

Tiba ya leo haihesabu hamu ya nyumbani kuwa ugonjwa. Ni hali ya kawaida ya mtu aliyetenganishwa na watu, chakula, lugha na mazingira yaliyomlea, na kwa wanafunzi wengi hupungua kadiri wiki zinavyopita na marafiki wapya wanavyopatikana. Lakini haipungui moja kwa moja. Huja kama mawimbi, na wimbi kubwa huja wakati wa sikukuu, hosteli inapobaki tupu. Swali linalomhusu mtoa huduma za afya, na mzazi pia, ni hili: kwa dalili zipi atatambua kwamba kilichoanza kama hamu ya nyumbani sasa kimekuwa sonona?

Desemba mbili

Katandala ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mahali palipo takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kijana wa huko anayesoma Dar es Salaam husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Likizo ya Krismasi vyuoni mara nyingi ni fupi, kwa kuwa muhula wa kwanza huwa bado unaendelea. Ukiondoa siku za kwenda na za kurudi, zinazobaki ni chache mno kulinganisha na nauli. Tena Desemba ni mwezi wa kilimo: mvua zimeanza, mahindi yanapandwa, na fedha ya familia imeingia kwenye mbegu na mbolea. Mzazi anayesema, "Mwaka huu baki huko huko, mwanangu," hakupungukiwa na upendo, amepiga hesabu.

Anachokosa kijana si karamu pekee. Ufipa ni nchi yenye Wakatoliki wengi, na misa ya mkesha wa Noeli huwakusanya watu ambao mwaka mzima hawakuonana. Kuna ugali wa ulezi, kuna maharage ya msimu uliopita, kuna samaki kutoka ziwani. Mwili nao una malalamiko yake: umezoea kulala chini ya blanketi, na sasa umo katika joto la pwani ambalo huzidi kuanzia Desemba hadi Machi. Kukosa usingizi kwa sababu ya joto na kukosa usingizi kwa sababu ya mawazo ni vigumu kutofautisha ifikapo saa tisa usiku.

Liko jambo jingine ambalo wenyeji wa mikoa mingine hulichukulia kama mzaha. Jina Sumbawanga hufasiriwa kwa Kifipa kuwa amri ya kutupa uchawi, na kutokana nalo mwanafunzi atokaye huko huandamwa na utani usiokwisha. Anayekosana naye huambiwa ajihadhari asije akarogwa. Akifaulu mtihani, huulizwa ametumia dawa gani. Wengi hucheka pamoja na watani wao. Hata hivyo, kijana aliyekwisha kujisikia mgeni hujifunza upesi kutotaja kwao, na asiyetaja kwao hana wa kumweleza kwamba anakukumbuka.

Kisa cha kujifunzia

Kisa kinachofuata si cha mtu mmoja. Kimeunganishwa kwa ajili ya somo hili kutokana na mambo yanayojirudia katika vyumba vya daktari.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye umri wa miaka 21, mzaliwa wa Katandala, alibaki hosteli wakati wenzake wote wa chumbani walipoondoka tarehe 20 Desemba. Mgahawa wa chuo ulifungwa. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita "bumu", ilikuwa imekwisha, naye akala mlo mmoja kwa siku. Siku ya Krismasi alipiga simu nyumbani mchana, akasikia kelele za watoto na mvua juu ya bati, akasema yote ni mazuri, akakata. Juma lililofuata alikwenda zahanati kwa maumivu ya kichwa na mapigo ya moyo kwenda mbio. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Akapewa dawa za kutuliza maumivu. Alirudi baada ya siku sita akilalamika uchovu na tumbo, akaambiwa ana taifodi, akapewa viuavijasumu. Wenzake waliporudi Januari walimkuta hahudhurii vipindi. Alikuwa akilala mchana na kukesha usiku, na simu za mama yake alikuwa haziPokei tena kwa wakati, akijibu kwa ujumbe mfupi tu: "Niko salama, nasoma."

Mara ya tatu alipofika zahanati, muuguzi hakuanza na kichwa wala tumbo. Aliuliza, "Sikukuu ulikula wapi, na nani?" Kijana alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akalia.

Swali lile halikuwa la udadisi. Kiswahili kina adabu ya salamu inayomtaka mtu ajibu kwamba ni mzima kabla ya kutaja kinachomsumbua. Hata penye msiba, anayeulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri", na baada ya kitambo huongeza: "ila tumefiwa." Habari yenyewe imo baada ya "ila". Katika kliniki yenye foleni ndefu, daktari hupokea ile "nzuri" na kuandika dawa kabla "ila" haijatamkwa. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu muda wa maongezi unakwenda na kila upande unamlinda mwenzake: mama hasemi kwamba mbolea imemwachia deni, mtoto hasemi kwamba hajala. Wote wawili hukata simu wakiwa wamedanganyana kwa heshima kubwa.

Kutenganisha hamu na sonona

Mwenye hamu ya nyumbani huumia anapokumbuka, hasa jioni na asubuhi anapoamka, lakini akipata shughuli au mwenzi wa kuzungumza naye hupata ahueni. Huweza kucheka. Hula chakula kizuri akikipata. Mawazo yake yana mahali yanapoelekea: kwao.

Katika sonona hata mahali hapo hupoteza utamu. Huzuni, au kukosa raha katika mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, hudumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Huambatana na usingizi kuharibika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kushindwa kukazia fikra masomo, kujilaumu, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, na mawazo ya kifo. Dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili, hupima dalili hizi za wiki mbili zilizopita kwa alama 0 hadi 27. Alama 10 na kuendelea humtaka mtoa huduma afanye uchunguzi wa kina. Dodoso halitoi utambuzi peke yake. Linafaa zaidi likisomwa kwa sauti ya kawaida, mezani, kuliko kukabidhiwa mgonjwa akalijaze kwenye benchi mbele ya watu.

Swali la tisa ndilo ambalo watoa huduma wengi huliruka kwa hofu ya kumtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi: utafiti umeonyesha kwamba kuuliza kuhusu kujidhuru hakupandi wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Liulizwe kwa hatua. "Umewahi kuona heri usiamke?" Akikubali: "Umefikiri kujidhuru? Umepanga namna? Una kifaa au dawa ulizoweka?" Mwenye mpango asiachwe peke yake hata kwa saa moja, apelekwe hospitali akiwa na mtu, na vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe karibu naye. Kijana wa kisa chetu alikuwa na alama 14. Alikuwa amewaza kwamba heri asiamke, lakini hakuwa na mpango wowote.

Mwili nao usisahauliwe. Baridi ya uwanda wa Ufipa hupunguza uenezaji wa malaria, hivyo kijana aliyekulia huko aweza kuwa na kinga ndogo kuliko mwenzake wa pwani au wa bonde la Ziwa Rukwa, na malaria yake ikawa kali. Kila homa ipimwe, ikiwa Dar es Salaam au Katandala baada ya kurudi. Kosa la kisa hiki halikuwa kupima malaria. Lilikuwa kuendelea kutafuta vijidudu na kutoa viuavijasumu bila ushahidi, wakati maswali mengine hayakuulizwa.

Matibabu

Sonona ya kadiri, kama hii, huweza kuanza kutibiwa kwa mazungumzo ya utatuzi wa matatizo. Zimbabwe imelionyesha jambo hili kwa Benchi la Urafiki, mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ambamo bibi waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa dalili za waliohudumiwa hivyo zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuanza na neno la kitaalamu. Walitumia neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mswahili anayesema "nina mawazo" anasema karibu jambo lile lile, na hapo ndipo pa kuanzia.

Pamoja na muuguzi, kijana aliandika matatizo yake, akachagua moja: chakula. Siyo huzuni, chakula. Mwenzake wa darasani alikubali wapike pamoja. Juma la pili walishughulikia usingizi: kuamka saa moja asubuhi hata kama amekesha, kutolala mchana, kuacha pombe aliyokuwa ameanza kuinywa ili apate usingizi, kwa kuwa pombe humlaza mtu kisha ikamwamsha usiku wa manane na kuzidisha huzuni. Juma la tatu alimpigia mama yake na kumwambia ukweli.

Ikiwa dalili ni kali, au hazipungui, dawa hutumika. Fluoksetini na amitriptilini hupatikana nchini. Mgonjwa aelezwe kwamba nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne, si siku mbili, na kwamba asikatishe dawa mwenyewe anapojisikia vizuri. Vijana walio chini ya miaka 25 waonwe mara kwa mara wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujidhuru yaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Amitriptilini ni hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja. Mwenye mawazo ya kifo asipewe ya mwezi mzima mkononi.

Familia nyingine itasema kijana ametupiwa kitu. Kubishana nayo hakuleti faida, na humfanya mgonjwa achague kati ya wazazi na hospitali. Maombi na yaendelee. Kinachokataliwa ni kumfungia, kumchapa, kumnyima chakula kwa jina la kumtakasa, au kumwachisha dawa.

Wanaokuja Katandala

Zahanati za Sumbawanga zina upande wao wa jambo hili. Vyuo na shule za mji huo hupokea vijana kutoka Mtwara, Tanga, Zanzibar na Kanda ya Ziwa, nao hupanga vyumba mitaani. Sikukuu yao si lazima iwe Desemba. Idi husogea nyuma takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, hivyo mara nyingi huangukia katikati ya masomo, wakati hakuna likizo ya kutosha kwenda pwani na kurudi. Mwanafunzi Mwislamu aliyefuturu peke yake mwezi mzima katika chumba cha kupanga hatambuliwi na mtu yeyote kuwa yuko "likizo mbali na nyumbani". Mwenye nyumba anayemwita kufuturu humsaidia kuliko anavyodhani.

Mzazi aliyeko Katandala naye ana la kufanya bila kupanda basi. Aulize mambo yanayojibika kwa vitu: umekula nini leo, umelala saa ngapi, nani yuko chumbani, mtihani ni lini. Awe na namba ya rafiki mmoja wa mwanawe na ya mshauri wa wanafunzi chuoni. Apige simu siku na saa ile ile kila juma, ili kutopokelewa kuwe na maana. Na mtoto akisema, "Nzuri, ila…", asimkatize kwa habari za mahindi. Angoje, hata kama salio linakaribia kwisha.