Mlango wa Ghala: Tutengeneze au Tununue Mpya?

Ndani ya ghala mna mahindi yetu sote. Mlango wa chuma ukikataa kufunga, tusikawie, lakini pia tusikimbilie kununua mwingine. Tuukague na fundi. Ikiwa shida ni bawaba au komeo, tubadilishe hicho tu. Kutu huanzia chini maji yanapotuama. Fundi hukata sehemu iliyoliwa na kuchomelea bati jipya. Lakini fremu yenyewe ikiliwa, kiraka ni kupoteza pesa.

Tuulize mafundi watatu. Kila mmoja aandike mbalimbali bei ya vifaa, ya kazi na ya usafiri. Mweka hazina asimalize kulipa kabla kazi haijakaguliwa.

Mjadiliane: mlango wetu unaumwa wapi?