Simu ya Mkononi Ugenini

Tuseme kwamba mwalimu wa shule moja ya sekondari huko Gonja, wilayani Same, anasafiri kwenda Mombasa wakati wa likizo. Anapita Same, Mwanga na Himo, anavuka mpaka Holili, na kuingia Taveta. Mfukoni ana simu ya mkononi yenye laini ya Tanzania. Muda mfupi baada ya kuvuka, simu inapokea ujumbe wa kumkaribisha Kenya. Je, kampuni ya Kenya imemtambuaje mtu ambaye haijapata kumwuzia chochote? Na kwa nini salio ambalo lingemtosha wiki nzima nyumbani laweza kumalizika kabla hajafika Voi? Maswali haya mawili yana jibu moja: simu iliyo ugenini hutegemea nyumbani kwa kila jambo.

Mawimbi na mpaka

Simu ya mkononi ni redio ndogo yenye kupokea na kutuma. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, na milima huyazuia. Gonja iko upande wa mashariki wa Milima ya Pare ya Kusini, na mji wa Same uko magharibi. Hivyo watu wa Gonja huhitaji minara ya upande wao.

Umbali nao una kikomo. Katika mitambo ya kizazi cha pili, simu nyingi hutumia mnara mmoja kwa zamu fupi sana. Ishara ikichelewa mno njiani, huingilia zamu ya simu nyingine. Kwa kawaida mfumo huo waweza kusahihisha ucheleweshaji usiozidi takriban mikrosekunde 233, kwenda na kurudi. Basi umbali wa mwisho ni:

300,000 × 0.000233 ÷ 2 = kilomita 35, kwa makadirio.

Holili na Taveta zimetenganishwa na kilomita chache tu. Mawimbi hayasimami forodhani. Kwa hiyo simu yaweza kunasa mnara wa Kenya mwenyewe akiwa bado Tanzania.

Jinsi mgeni anavyotambuliwa

Ndani ya laini mna namba ya utambulisho, tofauti na ile ya kupigia. Tarakimu zake tatu za kwanza hutaja nchi: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya. Mtambo wa Kenya ukisoma 640, hujua kwamba huyu ni mgeni, nao huuliza daftari la kampuni yake iliyoko Tanzania: Je, mnamjua? Je, ana ruhusa ya kuhudumiwa nje?

Uthibitisho hufanyika kwa hesabu. Laini ina namba ya siri, na kampuni ya nyumbani ina nakala yake. Mgeni hupewa namba yoyote ya kubahatisha. Laini huichanganya na ile ya siri na kutoa jibu. Kampuni ya nyumbani nayo hufanya hesabu hiyo hiyo. Majibu yakilingana, mlango hufunguliwa. Namba ya siri yenyewe haisafiri hewani kamwe, na kwa hiyo mdukizi hawezi kuinasa njiani.

Safari ndefu ya data

Mwalimu akiwa Mombasa afungue ukurasa wa gazeti la Mombasa. Mtu angedhani kwamba habari hiyo itatoka jirani. La! Kwa kawaida ombi lake hupelekwa kwanza hadi mtambo wa kampuni yake Tanzania, ndipo liingie katika intaneti, lirudi Mombasa kulichukua gazeti, na jibu lipite njia ile ile. Kampuni ya Kenya huidai ya Tanzania kwa kutumia minara yake, na hatimaye mteja ndiye alipaye.

Gharama hii si sheria ya maumbile. Ni mapatano ya watu. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha huduma zake za Kenya, Uganda na Tanzania, wateja wake wakavuka mipaka bila kutozwa ada ya ugeni. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliondoa ada za namna hiyo baina ya nchi wanachama.

Mambo ya kufanya

1. Kabla ya kuondoka, msafiri aulize bei ya megabaiti moja katika nchi aendayo, na kama lipo bando la ugenini.
2. Afunge data ya ugenini kabla ya kufika mpakani. Programu nyingi hutuma picha na kujihuisha zenyewe bila mwenyewe kujua.
3. Apakue ramani na nyaraka angali nyumbani.
4. Akikaa siku nyingi, anunue laini ya huko. Atahitaji kitambulisho ili isajiliwe.
5. Asiitupe laini ya nyumbani. Ujumbe wa benki na wa kuthibitisha malipo huja kwa namba hiyo. Simu ya laini mbili hufaa: ya nyumbani kwa ujumbe, ya ugenini kwa intaneti.

Ajuaye njia ya data hatashangazwa na salio lililokwisha, wala familia yake huko Gonja haitakaa na wasiwasi kwa kuwa hapatikani.

Maswali

1. Ishara ya simu yatumia mikrosekunde 80 kwenda mnarani na kurudi. Mnara uko umbali gani?
2. Eleza kwa nini namba ya siri haihitaji kutumwa hewani.
3. Programu yatuma picha 40 za megabaiti 3 kila moja. Ikiwa megabaiti moja ni shilingi 50, mwenye simu atalipa kiasi gani?