Kukata Nguzo Nene za Baraza: Kwa Nini Msumeno Hubanwa?

Baraza la nyumba husimama juu ya nguzo, na aghalabu nguzo hizo huwa za miti migumu kama mvule, mninga au mkongo. Seremala aliyezoea mbao za inchi moja hushangaa msumeno wake unapokwama katikati ya nguzo yenye milimita 150 kila upande. Ikiwa msumeno ni wa umeme, kukwama huko si usumbufu tu: chombo chaweza kuruka nyuma ghafla kumwelekea anayekishika.

Tuanze na uzito. Nguzo ikilazwa juu ya vihimili viwili, kimoja kila mwisho, hupindika kidogo kuelekea chini. Upande wa juu hugandamizwa, wa chini huvutwa. Basi tukikata katikati kutoka juu, kingo za mkato hukaribiana na kulibana bapa. Tukikata nje ya kihimili, mkato hufunguka, lakini kipande kinachoning'inia huvunjika kabla ya wakati na kuchana nyuzi za chini. Yafaa kuweka vihimili vinne, viwili kila upande wa mkato.

Sababu ya pili ni unyevu. Mti mbichi ukikauka, kuta za seli zake huanza kusinyaa unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Katika nguzo nene ngozi ya nje hukauka kwanza. Hutaka kusinyaa, lakini kiini kilicho kibichi huizuia. Mvutano huo hufungwa ndani ya mti, na msumeno unapopita huachiliwa, nguzo ikasogea na kulibana bapa. Wanafunzi waweza kupima unyevu wenyewe. Kipande kipimwe uzito, kikaushwe katika joko la maabara kwa nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena. Kikiwa gramu 260 mwanzo na gramu 200 mwisho, maji yalikuwa gramu 60, yaani asilimia 30 ya uzito mkavu.

Meno ya msumeno hupindwa kidogo, moja kulia na jingine kushoto, ili njia yake iwe pana kuliko bapa. Mti mbichi huhitaji njia pana zaidi kuliko mkavu. Mvule una hila yake: wakati mwingine huficha vijiwe vya chokaa ndani ya mti, navyo huyafanya meno kuwa butu kwa mara moja. Tupa iwe karibu.

Msumeno wa umeme wa mviringo unaotumiwa sana hukata kina cha milimita 60 hivi. Tukiizungusha nguzo yetu na kuikata pande zote nne, katikati hubaki kiini cha milimita 30 kwa 30, yaani asilimia 4 tu ya eneo lote. Kiini hicho humalizwa kwa msumeno wa mkono. Lakini mistari minne lazima ikutane, kwa hiyo ichorwe kwa skwea kuzunguka nguzo nzima, daima kutokea pande mbili zilizo sawa kabisa. Mkato wa kitako ukikosea digrii moja tu, tofauti kwenye milimita 150 ni milimita 2.6, jambo linaloonekana dogo. Simamisha nguzo ya mita 2.4 juu ya kitako hicho: kichwa chake kitaegemea kando kwa milimita 42, na timazi itasema wazi.

Vumbi la miti migumu lisipuuzwe. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua pumzi, na tangu 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani. Pua na mdomo vifunikwe kwa barakoa.

Baada ya kukata, kitako kipakwe rangi nzito mara moja na kuinuliwa juu ya jiwe au chuma, kwa kuwa maji hupita kwenye ncha za nyuzi upesi kuliko ubavuni.

Zoezi: Nguzo ni ya milimita 200 kwa 200, na msumeno ni ule ule. Ni asilimia ngapi ya eneo itakayobaki kukatwa kwa mkono?