Dondoo muhimu: Okoa mikono kwenye kompyuta ya steshenari

Kwenye steshenari za Kariakoo, wateja wa CV na mikataba ya pango wanapopanga foleni, muda mwingi hupotea kwa kutafuta amri ileile kwenye menyu ileile.

Anza na maneno unayoyachapa kila siku. Ndani ya Word, fungua mipangilio ya kusahihisha maneno kiotomatiki, kisha ifundishe kwamba "mkk" ni "Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Ilala, Dar es Salaam". Ukiandika mkk na kugusa kitufe cha nafasi, anwani yote inajitokeza. Kifupisho kisiwe neno halisi: ukichagua "kama", utaharibu barua za watu. Mimi naipenda mbinu hii kuliko zote, maana inapunguza pia makosa kwenye majina ya mitaa.

Ndani ya Word pia, amri unayoitumia sana ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, uiongeze kwenye upau wa amri za haraka. Ukigusa Alt, utaona namba yake. Ikiwa ya kwanza, Alt na 1 inatosha.

Programu za kila siku zibandike kwenye upau ulio chini ya skrini: kitufe cha Windows na 1 hufungua ya kwanza.

Menyu za Kiingereza zinakuchelewesha? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Baadaye Windows nayo ilipata Kiswahili. Angalia kwenye mipangilio ya lugha kama toleo lako linacho.